Kafyu Ijayo: Mwongozo wa Mkazi wa Nairobi

Gonjwa jingine litakuja, na tangazo lake litasomwa alasiri. Ndivyo tulivyozoeshwa tangu tarehe 13 Machi 2020, Waziri wa Afya Mutahi Kagwe alipotangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Kenya. Mwongozo huu ni kwa mkazi anayetaka kutii kila agizo jipya la jiji na bado afike nyumbani, ale, na alale kitandani kwake.

Anza kwa kujua tangazo limeandikiwa nani. Anayekusudiwa ana vyumba vitatu, bomba lenye maji, gari lenye mafuta na kazi inayofanyika mezani kwa kompyuta. Kama si wewe, usinung'unike. Jifanye ndiye. Mengine yote humu yanategemea hilo.

Tuseme umeagizwa kunawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Maji ya Nairobi yana ratiba ya mgao, mtaa kwa mtaa, siku kwa siku. Tatizo ni kwamba mabomba hayaisomi. Mei 2020, kampeni ya kunawa ikiwa imepamba moto, maporomoko ya ardhi Murang'a yaliharibu bomba linaloleta maji kutoka bwawa la Ndakaini, na mitaa kadhaa ikabaki na sabuni kavu. Suluhisho ni kumtafuta msukuma mkokoteni, kununua mtungi wa lita 20, kutoboa kifuniko, kisha kuuinamisha. Hapo maji yanatiririka, na agizo limetimizwa kikamilifu. Yakiisha, kumbuka kwamba mgeni anayebisha hodi naye atataka kunawa kabla ya kuingia. Usifungue.

Ukitaka kulalamika, jua kwanza jiji ni la nani wiki hiyo. Tarehe 18 Machi, siku tano tu baada ya mgonjwa yule wa kwanza, Meja Jenerali Mohamed Badi aliteuliwa kuongoza Nairobi Metropolitan Services, chombo kilichochukua afya, uchukuzi, ujenzi na mipango ya jiji kutoka kwa serikali ya kaunti. Gavana Mike Sonko alibaki na cheo, na ulimi. Kwa hiyo malalamiko ya takataka yaandike nakala mbili, kila ofisi ipate kukuelekeza kwa mwenzake. Jenerali apewe haki yake: visima vilichimbwa katika mitaa ya mabanda, na maji yakatoka. Gavana naye alichangia kivyake. Aprili alitangaza kwamba vifurushi vya chakula kwa maskini vitakuwa na vichupa vya Hennessy, ati dawa ya kutakasa koo. Kampuni yenyewe ikalazimika kusema kinywaji chake hakikingi mtu na virusi. Ni nadra muuza pombe kuwa ndiye mwenye kiasi katika mazungumzo.

Sasa kafyu, na hapa soma polepole. Ilianza tarehe 27 Machi, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Wakati huohuo matatu ya abiria 14 iliamriwa kubeba 8. Piga hesabu kama wenye magari walivyoipiga: nauli ya waliokosa kiti hulipwa na waliokipata. Kama unafanya kazi Industrial Area na unalala Mukuru, una bahati, tembea. Kama unalala Githurai, unatakiwa uondoke kazini saa tisa, jambo ambalo tajiri wako hajaliona kwenye tangazo lolote. Mbinu iliyotumika sana ilikuwa kusimama steji tangu saa kumi, kuangalia magari yakipita yamejaa watu wanane, kisha kuanza kukimbia saa kumi na mbili u nusu. Vaa raba. Beba kitambulisho, na barua ya kazi kama unayo, ingawa rungu halisomi.

Yapo mambo ambayo hayana mbinu. Kabla ya wiki ya kwanza kwisha, mvulana wa miaka 13 alipigwa risasi akiwa kwenye roshani ya kwao, mtaa wa Kiamaiko. Alikuwa nyumbani, kama tangazo lilivyotaka. Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi kwa ukali wa polisi siku hizo, na kafyu ikaendelea.

Ukikamatwa nje baada ya saa ya kafyu, huenda usipelekwe rumande bali karantini, siku 14, ukae na watu usiowajua ili usikaribiane na watu. Kwa wiki kadhaa waliowekwa huko walidaiwa gharama za malazi, mpaka serikali ilipoziondoa mwezi Mei. Waliotafuta njia ya mkato walionekana Aprili wakiruka ukuta wa KMTC, chuo cha utabibu kilichogeuzwa karantini. Hatupendekezi, ukuta ni mrefu.

Barakoa ni rahisi zaidi. Faini ya kutoivaa ilifika shilingi 20,000, au jela miezi sita, kwa hiyo iweke kidevuni muda wote, na uipandishe ukimwona askari. Virusi haviandiki faini.

Kuhusu kusafiri: tangu tarehe 6 Aprili Nairobi na viunga vyake vilifungwa, na upande wa Thika mpaka ukawa Daraja la Mto Chania. Ng'ambo ya daraja kulikuwa salama kwa mujibu wa sheria. Waliobanwa zaidi waligundua kwamba msiba hufungua vizuizi. Kundi moja lilitoka Nairobi hadi Homa Bay na jeneza lisilo na maiti, na dereva wao alipopimwa akakutwa na virusi. Ukijaribu hili, walau beba marehemu.

Mwisho, usikariri agizo lolote, maana litabadilika ukishalizoea. Juni kafyu ikasogezwa hadi saa tatu usiku, Julai barabara za kutoka jijini zikafunguliwa, na kabla mwezi huohuo haujaisha mikahawa ikakatazwa kuuza pombe. Kafyu yenyewe iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021, Siku ya Mashujaa, Rais akihutubia Kirinyaga. Mgao wa maji haukuguswa na tangazo hilo, na bado unaendelea.