Jinsi ya Kuaga Maskati Usibakize Deni

Mkataba umekwisha, tiketi ya Unguja au Dar es Salaam imekatwa, na sasa imebaki kazi isiyo na msimamizi: kuwaaga marafiki wa miaka. Kazi hii ina utaratibu wake. Fuata hatua hizi, na hatabaki mtu wa kukununia.

Hatua ya kwanza: toa habari kwa zamu. Rafiki wa karibu aisikie kinywani mwako, ana kwa ana, kabla kundi la WhatsApp halijaanza kukutakia safari njema. Kisha hesabu Ijumaa na Jumamosi zilizobaki, maana ndizo siku za mapumziko na watu huwa majumbani. Kama unaondoka Juni, joto likipanda kupita nyuzi 40, panga ziara zako baada ya Isha. Nyumba mbili kwa usiku mmoja zinatosha. Ya tatu utaifikia umeshiba, una usingizi, na husikii unachoambiwa.

Hatua ya pili: kaa. Utaletewa tende na halua, kisha kahawa chungu yenye iliki ndani ya kifinjani. Usikitikise haraka. Kukitikisa ni kusema umetosheka, na anayeaga hatosheki upesi hivyo. Chetezo cha udi au ubani kikipitishwa, jifukize, uinuke. Desturi ya Ghuba ni kwamba baada ya udi hakuna kikao. Ila mwenye nyumba akiwa bibi aliyezaliwa Unguja, jiandae: maagano yenyewe yataanzia mlangoni, ukiwa umeshavaa viatu.

Hatua ya tatu: sikiliza. Familia nyingi za Maskati zinazosema Kiswahili zilihamia baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, na nyingine zikafuata baada ya 1970, Sultan Qaboos alipotwaa madaraka na kuwaita Waomani walioko ng'ambo warudi kuijenga nchi. Wapo miongoni mwao wazee walioondoka visiwani bila nafasi ya kumpa jirani mkono wa kwaheri. Wewe unaondoka ukiwa na begi, tiketi na muda. Kwa hiyo mzee akianza kukutuma, kamwangalie binamu yangu Wete, kanizurie kaburi la mama, usitazame saa. Andika jina, mtaa na jina la baba. Kubali unaloweza kulitimiza, na usiloliweza liseme pale pale, asikae akilingojea.

Hatua ya nne: lipa. Deni la riali lipa, na la baisa mia lipa. Anza na muuza chai aliyekuwa akikuandika daftarini. Jokofu usiliahidi watu wawili; urafiki wa miaka huweza kuvunjikia kwenye godoro na feni. Mpe mmoja, uwaambie wengine umempa nani, yaishe. Wenzako wa kazini kutoka Kerala na Bangladesh usiwaruke kwa sababu mlikuwa mkielewana kwa Kiarabu cha kuokoteza. Waite mgahawani, waagizie chai ya karak, ulipe wewe. Nao wako mbali na kwao, na wanajua uzito wa siku hii.

Hatua ya tano: ombaneni radhi. Shika mkono, useme: "Kama nimekukosea kwa kujua au kwa kutojua, nisamehe. Mimi nimekusamehe." Sema polepole, usubiri jibu. Yule mliyekosana naye mwendee wa kwanza kabisa, asije akadhani umempitia kwa kuwa nyumba yake iko njiani.

Hatua ya sita: ahidi kidogo. Usiseme "mwakani nitarudi" ilhali hujui. Saa ya Maskati inatangulia ya Dar es Salaam kwa saa moja tu, basi chagueni siku, tuseme Ijumaa baada ya swala, ya kupigiana simu. Ahadi ndogo inayotimia inamheshimu rafiki kuliko safari kubwa isiyokuja.

Hatua ya saba: kubali kusindikizwa. Usiwaambie watu wasijisumbue kufika uwanja wa ndege. Kumsindikiza mgeni ni haki ya mwenyeji, na wewe leo ndiwe mgeni. Acha kilo chache ndani ya begi: atatokea mtu dakika za mwisho na kopo la halua, nayo haikataliwi.

Ukishatua nyumbani, bado hujamaliza. Wiki hiyo hiyo vuka kwenda Pemba, mtafute binamu wa Wete, zuru kaburi, fikisha kila salamu uliyopewa. Halafu mpigie mzee umweleze uliyoyakuta. Hapo ndipo umemuaga.