Usingizi Wenye Pasipoti

Wapo wanaoamini kuwa Kiingereza ndicho kinachojua kulala: kina nap, doze, slumber na snooze, sisi tuna kulala tu. Hoja hiyo yenyewe imesinzia. Kiswahili kina lepe, mang'amung'amu, fofofo, na usingizi wa pono kwa asiyeamshwa hata na ngoma. Tena Mwingereza huanguka usingizini, kama aliyeteleza kwenye matope ya Masisi, mashariki mwa Kongo. Kwetu usingizi ndio humpitia mtu ukamchukua, kwa hiyo akichelewa kazini hana kesi ya kujibu. Hata nightmare, ukiichokonoa, ni pepo wa kale aliyemkalia mlalaji kifuani, yaani jinamizi letu lenye pasipoti.

Utasema: lakini snooze hatuna. Kweli. Neno hilo lilipanda kwenye saa ya kengele ya General Electric mwaka 1956, kisha likahamia kwenye simu. Na simu hutaka tantalamu, tantalamu hutoka kwenye koltani, na koltani huchimbwa kwa sururu na chepeo katika vilima vya Rubaya na Kibabi, huko huko Masisi. Anayemsaidia mtu wa London kuisukuma alfajiri dakika 9 mbele ni mchimbaji ambaye saa hiyo yuko shimoni tangu usiku. Kitufe chenyewe cha snooze hakimhusu. Waasi wa M23 waliiteka Rubaya mwaka 2024, na tangu hapo mchimbaji huyo mang'amung'amu anayapata bure, bila kubonyeza chochote.