Ombi la Watu wa Barazani Kuhusu Rangi za Mvua

Kwa wachora ramani wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania

Waheshimiwa,

Sisi wa barazani Gombani, Pemba, si mbali na uwanja wa mpira, tunaomba mvua iamrishwe kufuata rangi. Sisi kujifunza kusoma ramani tumeshachelewa.

Utabiri wa msimu ukiingia kwenye simu, hapana anayesoma maandishi ya chini. Tukiona kijani: "Mwaka huu tele!" Tukiona hudhurungi, mchele unapanda bei kabla ya jua kuchwa. Mwenzetu mwenye miwani yu kimya. Bado anaitafuta Pemba.

Na maandishi yale ya chini, tatizo lake ni kwamba yana maana. Mvua za juu ya wastani ni zaidi ya asilimia 125 ya kile ambacho mahali hapo pamezoea. Za chini ya wastani hazifiki asilimia 75. Basi mji uliozoea milimita 100 kwa msimu ukipata 130, unavishwa kijani. Kisiwa kilichozoea 900 kikipata 650, kinapakwa rangi ya ukame. Huyo wa ukame kanyeshewa mara tano ya mwenziwe, na ndiye anayesaliwa sala ya kuomba mvua!

Halafu nani kawaambieni kijani ni kheri? Kwa mwenye mpunga bondeni, sawa. Lakini vuli, Oktoba hadi Disemba, hutukuta na karafuu majamvini. Kwa mwanikaji, kijani ni msiba, na hudhurungi ndiyo rangi ya karafuu iliyokauka vizuri. Ramani moja, nyumba moja, mume anashukuru na mke anakunja jamvi.

Njano nayo ina ndimi mbili. Kwenye tahadhari za siku tano ni angalizo la mvua kubwa. Kwenye ramani ya msimu, ikitumika kwa uhaba, ni kinyume chake. Zote mbili zikishapigwa fotokopi na kubandikwa ukutani zinakuwa kijivu, na hapo ndipo tunapokubaliana sote.

Ikiwa kuiamrisha mvua ni kazi nzito, tuandikieni milimita juu ya rangi, na mistari badala ya rangi kwa ajili ya fotokopi. Na Pemba ichoreni kubwa kuliko jina lake. Mwenye miwani keshaanza kusema kwamba sisi tumo ndani ya herufi P.

Wenu,
Watu wa barazani, Gombani