Parabola, Mega na Dola Yenye Ufa

Sisi wakazi wa Kasapa, kila tutajapo maskani yetu mbele ya watu wa mjini Lubumbashi, hatukosi kuulizwa iwapo tunakaa Kasapa ya vitabu au Kasapa ya kufuli, maana Chuo Kikuu na gereza kuu vimegawana jina hili moja, na wala si ajabu mtu kuingia katika mojawapo akidhani atatoka mapema. Miaka hii imezuka Kasapa ya tatu, nayo ni ya abonema ya televisheni, ambayo kifungo chake ni cha mwezi mmoja, hulipiwa kwa dola, na mfungwa akimaliza muda wake hukimbia mwenyewe kwenda kuomba afungwe tena.

Nyumbani kwangu jambo hili limezusha madhehebu mawili. Mama watoto ni wa parabola, yaani dishi la setilaiti, na haambiliki: parabola ikilipiwa imelipiwa, atazame mmoja au watazame ishirini, na tamthilia zake za Kihindi zinazosemeshwa Kifaransa hazimwulizi kila saa amebakiza nini. Mpwa wangu, anayesoma uchumi hapo chuoni na kwa sababu hiyo hana senti, ni wa mega, yaani intaneti ya simu. Hoja yake ni kwamba kulipia chaneli mia ili kutazama tatu ni israfu, ilhali simu humwuzia mtu kile akitakacho, kwa saa aitakayo. Mimi, niliyefanywa kadhi baina yao, niliona kila mmoja ana haki, hukumu ambayo haikumridhisha yeyote na iliyoninyima kitoweo jioni ile.

Hesabu zenyewe si ngumu. Netflix, iliyofungua milango katika nchi zaidi ya 130 kwa mpigo mmoja Januari 2016, hukadiria kuwa saa moja ya picha safi hula gigabaiti 3 hivi, na mwenye kununua mega zake rejareja kwa franka ajua filamu moja ya namna hiyo ni mlo wa watu wangapi. Parabola nayo ina ila yake, kwani siku zake huhesabiwa hata umeme usipokuwapo. Na umeme wetu, tangu 1982, hutoka Inga na kusafiri kilomita 1,700 juu ya vichwa vya watu mpaka Kolwezi, ukahudumie migodi, kwa hiyo sishangai kwamba ukifika lupangoni, yaani uani kwangu, huwa umechoka na kuhitaji kulala.

Walakini hesabu hizi zote ni za watu wasioijua dola ya Kongo. Mwishoni mwa Januari 2024, timu yetu ya taifa, Leopards, ikiwa inangojewa na Misri katika Kombe la Afrika, abonema yetu ilikata roho, nami Jumamosi nikaenda dukani na noti ya dola 20. Binti wa dukani akaiinua kwenye mwanga, akaigeuza, akaipapasa kona, kisha akanirudishia kwa adabu kubwa: “Papa, hii ilipasuka, ku banki batakatala.” Ufa wenyewe ulikuwa mdogo kuliko unyusi wa sisimizi. Nikamwendea mbadilisha fedha aliyekaa chini ya mwavuli na vibunda vyake vya franka, naye akaipokea kwa hisani, yaani kwa pungufu. Na baada ya kujadiliana sana juu ya upana wa hisani hiyo, niliporudi dukani nikakuta mlango umefungwa hadi Jumatatu.

Ndivyo mpwa wangu alivyopata nafasi yake katika tarehe. Jumapili, tarehe 28, saa nne usiku, alinunua mega, akaiegemeza simu kwenye kopo la sukari, na ahali yangu yote ikajipanga mbele ya kioo kisichotosha nyuso mbili. Picha za intaneti hukatwa vipande na kurundikwa kabla ya kufunguliwa, hivyo huchelewa nyuma ya zile za setilaiti, pengine kwa nusu dakika nzima. Meschack Elia, kijana aliyewahi kuchezea klabu yetu ya Mazembe, alipofunga, lupango la jirani lililipuka kwa vifijo huku kwetu mpira ukiwa bado katikati ya uwanja. Na bao lilipowasili hatimaye, mpwa wangu akatusihi tushangilie upya, kwa sababu hilo ndilo tulilolilipia. Bao la Misri tuliarifiwa na ukimya wa majirani.

Matokeo yakabaki bao moja kwa moja hata dakika za nyongeza zikaisha, na mega zikaisha nazo, penalti zikiwa ndiyo kwanza zinaanza. Mama watoto hakusema neno. Alijitanda kitenge, akatoka, akaelekea kwa jirani, nasi tukamfuata kwa safu kama wafiwa. Hivyo Lionel Mpasi, golikipa wetu, nilimwona kwa macho yangu akipiga penalti ya ushindi, 8 kwa 7, nikiwa nje ya dirisha, baina ya bega la mtu na pazia. Jirani hakutudai kitu kwa fadhila ile, ila kiu ya wageni wake ilikuwa kubwa, na chupa za bia ya Simba nilizotuma kununuliwa usiku huo zilikaribia bei ya abonema.

Juni 2025 Canal+ wa parabola na Netflix walitangaza ushirikiano, filamu za Netflix zipatikane kwa Canal+ katika nchi 24 za Afrika, na nyumbani kwangu pande zote mbili zikadai zimeshinda. Hukumu yangu haijabadilika sana, ila sasa naitoa baada ya kula: nyumba yenye watu wengi ilipie parabola, na mega aachiwe mwanafunzi mwenye chumba cha peke yake. Nawe msomaji, ukipenda kuja kwetu siku Leopards wanapocheza, karibu. Njoo na kiti chako, na dola ukiwa nayo, tafadhali usiikunje.