Mpendwa Mteja Anaomba Mwisho wa Filamu

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,
Kampuni ya Simu (jina nalistiri, wateja wenzangu wanakujua).



Nimeipata SMS yako ya alfajiri: "Mpendwa mteja", filamu mpya za mwezi huu zimewasili, nijitazamie nyumbani. Ahsante kwa upendo. Tatizo langu ni kwamba za mwezi jana sijazimaliza.

Mama mkwe alikuja kutusalimia, nikanunua GB moja ya saa 24 tuangalie Binti, ile filamu ya Seko Shamte ya 2021 yenye wanawake wanne. Wa kwanza tukamwona. Wa pili tukamwona. Wa tatu, mama mkwe keshashika upindo wa khanga, kikatokea kiduara. Kikazunguka. Tukakitazama kimya, mkwe na mkwe, kama watu waliokaa matanga. Kisha simu ikalia: nimetumia asilimia 100 ya kifurushi.

GB moja, kwa picha ya kawaida, ni kama saa moja. Kwa picha ang'avu inaweza kuisha ndani ya dakika 20. Na filamu ni saa moja na nusu. Fundi aliyekata kitambaa hiki alijua fika suruali itaishia magotini.

Siombi mpunguze bei. Sijarukwa na akili. Naomba mfungue Kitengo cha Miisho. Bando likikata, mteja apige namba ya bure: kwa mwisho wa mapenzi, bonyeza moja, kwa ngumi, mbili, kama unataka tu kujua nani kafa, tatu. Apokee mtu mwenye koo la marehemu Lufufu, yule aliyetutafsiria Wahindi na Wachina kwenye kanda za VHS na hakututelekeza njiani hata siku moja. Atusimulie zile dakika zilizobaki, aigize sauti zote, alie panapoliliwa. Zamu ya usiku awepo mama mtu mzima, kwa ajili ya wateja wenye wakwe.

Mengine madogo. SMS ya asilimia 75 mniletee kabla sijakaa kwenye kochi. Muziki wa kusubirishia mtoa huduma muubadilishe, mwanangu wa miaka miwili anaucheza.

Halafu kuna hili. Nikimaliza bando, nalipa. Nikibakiza, saa 24 zikitimia mnalibeba. Mchele nilioununua dukani kwa Mangi, yeye haji usiku kuuchota kisa sijaupika! Nyie mnachota, tena asubuhi mnaniita mpendwa. Mpendwa gani anayekombwa usingizini?

Uniwie radhi, Mheshimiwa, chai imenipalia.

Mama mkwe amesharudi Tanga na kila jioni anauliza yule mwanamke wa nne aliishiaje. Kama hapo ofisini kuna aliyefika mwisho, chonde anibipu, nitampigia mwenyewe. Dakika ninazo 40, mlinipa bila kuziomba, na zinaisha leo saa sita usiku.