Sifa za Tairi Moja

Wametungiwa sifa wafalme ambao hawakuchimba hata kisima. Wamesifiwa majemadari waliokimbia vita, na wagombea ambao sura zao tunazijua kwa mabango tu. Mbona basi hajapata msifu wake kijana wa Kindu anayeinua tairi la mbele la pikipiki na kukata mtaa kwa tairi la nyuma peke yake, kifua wazi, macho mbinguni, huku akina mama wa sombe wakikusanya mafungu yao mbio mbio? Leo nimejitwika kazi hiyo. Atakayeniuliza nina haki gani, nitamjibu kwamba naishi kando ya kipande cha lami wanachofanyia mazoezi, hapa hapa komuni ya Kasuku, na kwamba tangu wakigundue sijapata kulala kabla yao.

Sifa ndogo ndogo nizitaje kwa haraka. Mchezo huu unakuza ibada: sijaona abiria aliyeinuliwa bila taarifa asimtaje Mungu, na wengine humtaja kwa dini zote mbili ili wasikose. Unawapa kazi mafundi wa kuunga mifupa. Unafundisha watoto wetu fizikia ambayo shuleni mwalimu wake ameondoka kwa kukosa mshahara. Unawazoesha mbuzi kuvuka barabara kwa akili. Hayo kila mtu anayaona, nayaacha.

Sifa iliyo kuu, na ambayo haijapata mtetezi, ni kubana matumizi. Pikipiki ina matairi mawili, na shimo la barabarani halina haraka: linalipiga la mbele, linalingoja la nyuma, linalipiga nalo. Mashimo mia, mapigo mia mbili. Kijana akiinua tairi la mbele, mapigo yanabaki mia. Nusu ya ubovu wa barabara imefutwa bila koleo, bila katapila, bila mkandarasi na bila utepe wa kukatwa na mtu mwenye miwani myeusi. Nchi yetu iliunda mfuko wa taifa wa kutunza barabara, FONER, mwaka 2008, nao unalishwa na tozo za mafuta na za barabarani. Kijana huyu haungoji mfuko. Ananunua chupa yake ya esansi kwa kadafi, muuza mafuta wa kona, anavuta gesi, na nusu ya matengenezo imekamilika kabla vumbi halijatua.

Endelea kuhesabu. Tairi la mbele haliliki, atalirithi mjukuu. Breki ya mbele haina kazi, nayo itarithiwa ikiwa mpya. Mikono imepumzika, kwa sababu usukani ukiwa hewani, ugeuze kushoto, ugeuze kulia, ni salamu tu. Taa inamulika mawingu, na mawingu ya Maniema yanahitaji mwanga kama sisi, maana huko pia umeme haujafika. Wajapani walishaiona faida hii zamani: mwaka 1991 Yasuyuki Kudo alikwenda kilomita 331 juu ya Honda TLM220R bila kulishusha tairi la mbele. Kilomita 331 ni zaidi ya Kindu hadi Kasongo! Wizara inayohusika isipitwe na habari hii. Tukiwapata akina Kudo wa kutosha, barabara ya Kasongo itajengwa kwa upana wa tairi moja: kokoto nusu, mashine nusu, vibarua nusu. Asilimia za wakubwa tu ndizo zitakazobaki nzima.

Wala asidhani mtu kwamba ni kazi ya wahuni wasiojua kitu. Mtazame anavyoanza. Anasogea nyuma ya kiti hadi anakaribia keria. Wayo wa kulia uko juu ya breki ya nyuma, vidole viwili viko kwenye klachi. Anavuta gesi mpaka injini inalia, kisha anaiachia klachi ghafla. Shokomzoba za mbele zinanyooka, tairi linaaga ardhi. Sasa kuna mahali fulani hewani ambapo pikipiki inakuwa nyepesi, hairudi mbele wala haiangukii nyuma, na ufundi wote uko hapo. Ikizidi, ncha ya mguu inagusa breki ya nyuma, nayo inashuka kwa adabu. Akiisahau breki hiyo, anayeshuka ni yeye, tena kwa kisogo.

Ulaya na Marekani wanayafanya haya kwa mashine za mashindano za sisi 600, zilizofungwa vyuma vya kukinga injini na sproketi kubwa nyuma ili nguvu ije upesi. Wa kwetu ana TVS ya kazi, ambayo asubuhi ilibeba mgonjwa na mchana ikabeba nguruwe. Nguvu haitoshi, basi anampakia rafiki kwenye keria awe uzito. Mwenye pikipiki hajui. Yeye anangoja hesabu yake ya jioni, na haelewi kwa nini sili za shokomzoba zinavuja oili kila mwezi, wala kwa nini injini imeanza kugonga. Pikipiki ikisimamishwa muda mrefu, oili yote inakimbilia nyuma, na pampu inabaki kunyonya hewa.

Chuo chenyewe hakiko mjini. Chuo ni njia ya Kama. Huko wilayani Pangi motari, dereva wa pikipiki ya kukodi, anapakia magunia ya mchele na bidoni za mawese nyuma yake mpaka mzigo unampita mabega. Uzito wote ukiwa nyuma ya ekseli, akifika kwenye kilima cha udongo mwekundu uliolowa, tairi la mbele linainuka lenyewe, bila ruhusa. Pale hakuna anayepiga makofi. Analala kifua juu ya tangi, anapunguza gesi kidogo tu, kwa sababu akiikata anarudi kinyumenyume na mchele wa watu, na akiizidisha, mchele unamlalia. Akishindwa, atakaa mtaroni na mzigo wa mwenyewe mpaka apite motari mwingine. Kijana aliyefuzu pale akiletwa kwenye lami ya Kindu, kusimama kwa tairi moja ni sikukuu yake. Yale aliyoyafanya wiki nzima kwa hofu, Jumapili anayafanya kwa shangwe.

Lakini silensa, jamani! Silensa imewakosea nini? Kwani tairi haliinuki mpaka egzosi iwe imekatwa? Saa tano za usiku, ndani mna mtoto wa homa ndiyo kwanza amepata usingizi, na nje linapita jambo linalolia kama msumeno ndani ya pipa. Linakwenda, unashukuru, linageuza, linarudi. Na yule aliyemparamia mama wa mikate, akamwaga beseni zima mchangani, mafuta ya moto yakapita shubiri moja kutoka kwenye miguu ya bintiye! Aliinuka, akajipangusa, na neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza nani amepiga video. Mama yule aliokota mikate yake mmoja mmoja, akaipuliza. Hakulipwa hata franka.

Naam. Nilikuwa nasifu.

Nisifu basi wanaowafadhili, maana sanaa bila wafadhili hufa. Siku mheshimiwa anaposhuka uwanja wa ndege kutoka Kinshasa, chama kinagawa esansi, fulana na noti kidogo, na wamotari wanaitwa kutoka Kasuku, kutoka Mikelenge, na wa Alunguli wanavushwa mto Lualaba na pikipiki zao. Askari wa rulaji, yule polisi wa barabarani ambaye jana alimsimamisha kijana huyu kwa kukosa kofia na akamwachia alipoona kitu mkononi, leo anamfungulia njia na kumpigia saluti aliye nyuma yake. Vijana wanainua. Mheshimiwa amechomoza kwenye paa la jeep, anapunga mkono, anacheka. Hajui kitu kizuri zaidi ya umaskini unaosimama kwa tairi moja kwa ajili yake. Jioni redio itasema amepokelewa kwa kishindo. Kishindo kweli kilikuwapo: kijana mmoja aliisahau breki ya nyuma.

Sasa mpeleke hospitali uone. Bajeti ya chama ilikuwa na mstari wa esansi na mstari wa fulana, haikuwa na mstari wa mguu. Ndugu zake wanatumwa kununua bendeji, glovu na sindano kabla daktari hajamgusa, na simu ya yule mratibu aliyegawa noti uwanjani haipatikani. Wenzake ndio wanaopitisha kofia. Wale tunaowaita wahuni wanachanga franka elfu elfu, na waheshimiwa wako njiani kurudi Kinshasa.

Sikujua vijana hawa walijifunza wapi moyo wa kuendesha chombo kisichogeuka, mpaka nilipowatazama wanaowakodi. Utawala wetu nao uko kwa tairi la nyuma tangu lini? Pua iko juu, taa inamulika mawingu, usukani unazungushwa lakini hakuna kinachogeuka, na oili yote imekimbilia nyuma, chini ya kiti cha mkubwa, huku injini ikinyonya hewa. Sisi ndio tuliopakiwa kwenye keria tuwe uzito. Tofauti ni moja, nami naitaja kwa heshima ya motari: yeye anajua breki yake iko wapi, na akianguka, anaanguka na chombo chake.

Kwa hiyo natoa pendekezo kwa kamati zote za mapokezi. Safari ijayo jeep ibaki uwanjani. Mheshimiwa apandishwe nyuma ya motari, mwezi wa kumi na moja, mvua zikiwa zimekolea, na aende kuwasalimu wapiga kura wake wa Kama. Nyuma yake lifungwe gunia la mchele, na bidoni ya mawese kila upande. Motari akatazwe kabisa kufanya mchezo. Kule kilimani barabara yenyewe itamwinulia tairi. Nauli atalipa mheshimiwa mwenyewe, kutoka mfukoni mwake, kabla hajapanda. Na bendeji aende nayo.