Kabamba-re

Masikio yangu bado yana moto. Jumanne asubuhi, hapa Kasongo, nilisimama mbele ya walimu waliokuja mafunzoni nikasoma hesabu yao kwa kila teritwari. "Kabambare: sifuri." Mzee mmoja wa mstari wa mbele, suruali nyekundu kwa vumbi la pikipiki hadi magotini, akavua kofia taratibu. "Mwanangu, sasa sisi 14 tumetoka wapi?" Nikamjibu, Mungu anisamehe, kwamba kompyuta haikosei.

Nilikuwa nimetumia grep, amri ya kutafuta maneno kwenye faili, aliyoiandika Ken Thompson kule Bell Labs mwaka 1973. Grep ni askari wa bariera: anashusha abiria mmoja, anamkagua, anamsahau, anaita mwingine. Abiria wake ni mstari. Mama akipita na mwana akifuata, hajui kuwa ni familia moja. Na ile safu ya teritwari niliyoinakili kutoka orodha ya walimu ilikuwa na upana wa herufi nane. Jimbo letu la Maniema lina teritwari saba. Kailo, Pangi, Punia, Lubutu, Kibombo na Kasongo zinaenea humo bila kujikunja. Kabambare ina herufi tisa. Basi kila mahali imekatwa: "Kabamba-" juu, "re" chini peke yake, kama mtoto aliyepotezwa sokoni. Mimi natafuta jina zima, askari hajaliona.

Nikakumbuka chaguo la -z. Hiyo humwambia grep asikate penye mwisho wa mstari, akate penye alama ya sifuri isiyoonekana, ambayo faili la maandishi kwa kawaida halina. Faili zima linageuka mstari mmoja mrefu kama mto Lualaba! Mwisho wa mstari nao unakuwa herufi kama nyingine, unaiandika \n. Nikapiga grep -Pzc 'Kabamba-\nre', nikatangaza kwa sauti ya ushindi: "Kabambare: mmoja!"

Kumbe -c huhesabu mistari, na mstari sasa ulikuwa huo mmoja tu.

"Ni yupi kati yetu?" mzee akauliza.

Nikaondoa -c, nikasahau kuweka -o, inayotoa kile tu kilichopatikana, faili lote likamwagika kwenye skrini. Halafu betri ikafa.

Lakini nani aliyepima safu ile? Alikuwa na majina saba mbele yake, akapima kwa sita. Na nauli ya kurudi, ambayo ndiyo iliyowaleta mezani kwangu, hulipwa kwa orodha hiyohiyo.

Mzee alichukua kalamu yangu na karatasi, akaandika KABAMBARE kwa mstari mmoja, herufi zake mbili za mwisho zikavuka pambizo.